Vazi na mwili wa namba: kuielewa mifuatano inayojengwa kwa vigawo tasa

Maswali ya "namba gani inafuata?" husambazwa kila siku kwenye simu, na mengi huishia kwenye ubishi. Mtu anaandika 2, 3, 4, 5, 5, 7, 6, 6, 7, na wenzake wanamwambia amekosea kunakili. Hajakosea. Amechukua namba kuanzia 2 hadi 10, akavunja kila moja katika vigawo tasa, kisha akavijumlisha. Mwingine anajibu kwa 2, 3, 2, 5, 5, 7, 2, 3, 7 na kudai ni mfuatano uleule. Huo ni mfuatano mwingine kabisa, na wote wawili wako sahihi kwa kanuni zao. Wanachobishania hasa ni neno moja, "vigawo", ambalo kila mmoja analipa maana yake.

Tuanze na msingi. Namba tasa ni namba kamili kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Namba isiyo tasa ni ile inayoweza kuandikwa kama zao la namba mbili zilizo kubwa kuliko 1: 4, 6, 8, 9, 10, 12. Namba 1 haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili.

Wengi hawaridhiki na hilo la 1, kwa hiyo tulieleze. Kila namba kubwa kuliko 1 ina njia moja tu ya kuvunjwa katika vigawo tasa, ukiacha mpangilio wa kuviandika. Carl Friedrich Gauss aliweka uthibitisho wake bayana mwaka 1801. Namba 12 ni 2 × 2 × 3, na hutapata seti nyingine ya namba tasa inayozaa 12. Tukiihesabu 1 kuwa tasa, 12 ingekuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na hivyo bila mwisho. Upekee ungepotea, na kila mfuatano tutakaouzungumzia hapa ungekosa maana, kwa sababu usingejua ni 1 ngapi za kuhesabu.

Sasa tuichunguze 12. Vigawo vyake vyote ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, yaani sita. Vigawo vyake tasa, ukihesabu marudio, ni 2, 2 na 3, yaani vitatu. Vigawo vyake tasa visivyorudiwa ni 2 na 3, yaani viwili. Ukijumlisha badala ya kuhesabu, unapata 28, 7 na 5. Hayo ni majibu sita kutoka namba moja, na kila jibu ni mwanzo wa mfuatano wake. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza si "namba gani inafuata?" bali "unahesabu nini, na marudio yamo au hayamo?" Tofauti huanza kuonekana pale palipo na marudio: kwenye 4, kwenye 8, kwenye 9. Ndiyo maana ile mifuatano miwili ya mwanzo inafanana kwenye 2, 3, 5, 6, 7 na 10, ikatofautiana kwingine.

Kuvunja namba kwa mkono ni kazi ya subira tu. Gawanya kwa 2 mpaka isigawanyike tena, halafu kwa 3, halafu 5, 7, 11, ukipanda kwa namba tasa moja baada ya nyingine. Kila kigawo kinachokubali kiandike, kisha endelea na kilichobaki, si na namba ya mwanzo. Simama pale namba tasa unayoijaribu inapozidi kipeuo cha pili cha kilichobaki. Kilichobaki hapo, kama ni zaidi ya 1, ni tasa, na lazima ukiandike nacho.

Makosa hutokea mahali palepale kila mara. Kuna anayegawanya kwa 3 mara moja na kusahau kujaribu tena, hivyo 31941 anaiandika 3 × 10647 na kuendelea kwa 7, kumbe ni 3 × 3 × 3 × 7 × 13 × 13. Kuna anayesahau kigawo cha mwisho. Na kuna anayesimama mapema, ambaye ndiye huharibu kazi zaidi. Chukua 3337. Haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 wala 43, na mtu aliyechoka atatangaza kuwa ni tasa. Lakini kipeuo chake cha pili ni zaidi kidogo ya 57, kwa hiyo kazi haijaisha: 47 inakubali, na 3337 ni 47 × 71. Namba ndogo nazo hudanganya: 57 ni 3 × 19, 91 ni 7 × 13, na 511 ni 7 × 73. Kwenye mfuatano ambao kila hatua inategemea iliyotangulia, kosa moja la aina hii linakufikisha kwenye namba isiyohusika kabisa.

Kabla ya kwenda mbali, kuna mpaka mmoja unaopanga somo hili lote, na naona hausemwi vya kutosha. Tarakimu ni vazi la namba, vigawo tasa ni mwili wake. Tunaandika kumi na mbili kwa tarakimu 1 na 2 kwa sababu tunatumia kizio cha kumi, yaani tunahesabu kwa mafungu ya kumi. Kwenye kizio cha mbili, namba ileile huandikwa 1100. Vazi limebadilika, lakini mwili ni uleule: mbili, mbili na tatu. Mifuatano mingine inagusa mwili peke yake, na mingine inachanganya mwili na vazi. Ukijua mfuatano wako uko upande gani, utajua pia kama kuna matumaini ya kuthibitisha jambo lolote kuuhusu.

Tuanze na mwili. Mfuatano rahisi kuliko yote ni wa idadi ya vigawo tasa pamoja na marudio. Kuanzia 2 unakwenda 1, 1, 2, 1, 2, 1, 3, 2, 2, 1, 3. Zenye 1 ni namba tasa. Zenye 2 kamili ni 4, 6, 9, 10, 14, 15, 21, 22, na hizo zinahusika na usalama wa intaneti: ufunguo wa hadharani katika RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa kutumia namba, hujengwa juu ya zao la namba tasa mbili kubwa sana.

Mwaka 1919 George Pólya aliuliza swali dogo kuhusu mfuatano huu. Zigawe namba katika makundi mawili: zenye idadi witiri ya vigawo tasa na zenye idadi shufwa, 1 ikihesabiwa shufwa kwa kuwa ina vigawo sifuri. Mpaka 10 makundi yanalingana, tano kwa tano. Mpaka 20, witiri ni 12 na shufwa ni 8. Pólya alidhani kwamba kundi la shufwa haliwezi kamwe kulizidi la witiri ukihesabu kuanzia 1 hadi namba yoyote iliyo 2 au zaidi. Watu walijaribu mbali sana na dhana ikasimama. Mwaka 1958 C. Brian Haselgrove alithibitisha kwamba lazima ivunjike mahali fulani, na mwaka 1980 Minoru Tanaka alionyesha kuwa inavunjika kwa mara ya kwanza kwenye 906,150,257. Anayesema "nimejaribu namba milioni mia nane na zote zimekubali, kwa hiyo ni kweli daima" angekuwa amekosea hapa, na angekosea kwa imani kubwa. Majaribio yanaonyesha mwelekeo. Uthibitisho ni kitu kingine.

Jumla ya vigawo tasa ina tabia njema zaidi. Chukua namba, jumlisha vigawo vyake tasa pamoja na marudio, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jibu. Mia moja ni 2 × 2 × 5 × 5, jumla 14. Kumi na nne inatoa 9, tisa inatoa 6, sita inatoa 5, na tano ni tasa, safari imeisha. Ukianza na 60 unapata 12, kisha 7. Hapa tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba kila safari inaisha, na sababu inaeleweka kwa mtu yeyote anayejua kuzidisha: namba mbili zilizo 2 au zaidi zikijumlishwa haziwezi kuzidi zao lake, na zinalingana na zao hilo pale tu zote mbili zinapokuwa 2. Kwa hiyo jumla hushuka kila hatua, isipokuwa kwenye namba tasa, ambayo inabaki ilivyo, na kwenye 4, ambayo ni 2 + 2 na inajirudia yenyewe milele. Mwisho ni namba tasa au 4. Hakuna njia ya tatu.

Jumla hizi ndizo zilizozaa jozi maarufu ya 714 na 715. Tarehe 8 Aprili 1974, mchezaji wa besiboli wa Marekani Hank Aaron alipiga "home run" yake ya 715 (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka uwanja wote na kupata alama) na kuivuka rekodi ya Babe Ruth ya 714. Carl Pomerance na wenzake waligundua kwamba 714 ni 2 × 3 × 7 × 17 na 715 ni 5 × 11 × 13, na kila upande una jumla ya 29. Tena namba hizo mbili zikizidishwa zinatoa 510,510, ambayo ni zao la namba tasa saba za kwanza. Jozi za namba zinazofuatana zenye jumla sawa zikaitwa jozi za Ruth na Aaron: 5 na 6, 8 na 9, 15 na 16, 77 na 78, 125 na 126, kisha 714 na 715. Paul Erdős alithibitisha kwamba jozi hizi huadimika, yaani sehemu yake kati ya namba zote inakaribia sifuri kadiri unavyopanda. Angalia tena suala la marudio: 24 na 25 ni jozi ukihesabu vigawo tasa visivyorudiwa, kwa sababu 2 + 3 ni 5. Ukihesabu marudio, 24 inatoa 9 na 25 inatoa 10, na jozi inakufa.

Vazi linaanza kuingia kwenye namba za Smith, zilizopewa jina hilo na Albert Wilansky mwaka 1982. Namba isiyo tasa ni ya Smith ikiwa jumla ya tarakimu zake ni sawa na jumla ya tarakimu za vigawo vyake tasa. Chukua 85: 8 + 5 ni 13. Vigawo vyake ni 5 na 17, na 5 + 1 + 7 ni 13. Ile iliyoanzisha jina ni 4937775, ambayo ni 3 × 5 × 5 × 65837, na kila upande una jumla ya 42. Kosa la kawaida hapa ni kujumlisha vigawo vyenyewe badala ya tarakimu zake: 5 + 17 ni 22, na mtu anasema 85 haifai. Mfuatano unaanza 4, 22, 27, 58, 85, 94, 121, na Wayne McDaniel alithibitisha mwaka 1987 kwamba hauna mwisho. Ukibadilisha kizio, orodha inabadilika.

Palipo na utajiri mkubwa zaidi ni pale vigawo vinapoandikwa bega kwa bega. Kanuni ni hii: vunja namba, andika vigawo vyake tasa kuanzia kidogo hadi kikubwa, marudio yakiwamo, kisha visome kama namba moja. Rudia mpaka ufike kwenye namba tasa. Hiyo huitwa tasa ya nyumbani ya namba uliyoanza nayo. Nne ni 2 × 2, inakuwa 22. Ishirini na mbili ni 2 × 11, inakuwa 211, na 211 ni tasa. Kumi inakwenda 25, 55, 511, 773. Kumi na nne inakwenda 27, 333, 3337, 4771, 13367, na hapo utaona kwa nini nilisisitiza 3337: aliyesimama kwenye 43 atatangaza kuwa amefika nyumbani hatua mbili kabla.

Halafu kuna nane. Mtu angetegemea namba ndogo namna hiyo imalize upesi. Inakwenda 222, 2337, 31941, 33371313, 311123771, na kuendelea mpaka hatua ya 13, ambapo inafika kwenye 3331113965338635107, namba yenye tarakimu 19. Namba 9 imemaliza kwa hatua mbili, kwenye 311. Hakuna kanuni inayojulikana ya kutabiri ni ipi itachelewa.

Jambo moja lina uhakika: namba hizi hupanda kila hatua. Ukiandika a ikifuatwa na b, unachopata ni a mara 10, 100 au 1,000 kutegemea urefu wa b, kisha unaongeza b. Kizidishi hicho siku zote ni kikubwa kuliko b, kwa hiyo matokeo yanazidi a × b. Mfuatano huu hauwezi kuzunguka na kurudi ulikotoka. Ama unafika kwenye namba tasa, ama unapanda milele.

Na hapo ndipo 49 inaposimama. Inakwenda 77, 711, 3379, 31109, 132393, 344131, 1731653, na imefuatiliwa kwa zaidi ya hatua mia moja hadi kwenye namba zenye zaidi ya tarakimu 200, bila kufika. Hii na 77, iliyo kwenye njia ileile, ndizo ndogo kuliko zote ambazo tasa yake ya nyumbani haijulikani. Wataalamu wengi wanatarajia kwamba ipo. Sababu ni kwamba kwenye namba za tarakimu 100 takriban moja kati ya 230 ni tasa, na ingawa nafasi hiyo hupungua kadiri namba inavyorefuka, hupungua polepole kiasi kwamba majaribio yasiyo na mwisho yanapaswa kufanikiwa siku moja. Hayo ni matarajio yenye hoja nzuri, lakini hayajathibitishwa.

Wengi huuliza kwa nini kompyuta zisimalize kazi hiyo, na swali hilo linachanganya mambo mawili. Kupima kama namba ya tarakimu 200 ni tasa ni rahisi, ni suala la muda mfupi kwenye kompyuta ya kawaida. Kipimo kinaweza kukuambia kwa uhakika kwamba namba si tasa bila kukutajia kigawo hata kimoja. Kuvipata vigawo vyenyewe ndiko kugumu. Namba ya majaribio iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020, na kazi ile ingeichukua kompyuta yenye kiini kimoja takriban miaka 2,700. Mnyororo wa 49 unadai kazi ya namna hiyo kwenye hatua moja, kisha inayofuata inaweza kudai zaidi. Njiani huwezi kuruka, kwa sababu bila vigawo hujui namba inayofuata ni ipi.

Badilisha vazi na hadithi inabadilika yote. Kwenye kizio cha mbili, nne ni zao la 10 na 10, unapata 1010, ambayo ni kumi. Kumi ni 10 na 101, unapata 10101, ambayo ni ishirini na moja. Hiyo ni 11 na 111, unapata 11111, yaani thelathini na moja, ambayo ni tasa. Tasa ya nyumbani ya 4 ni 211 au 31 kutegemea vidole vingapi umechagua kuhesabia.

John Conway alipendekeza kanuni inayofanana lakini yenye badiliko moja: marudio yaandikwe kwa kipeo. Nane ni 2 kipeo 3, unaandika 23, na 23 ni tasa. Hatua moja badala ya 13. Tisa ni 3 kipeo 2, unaandika 32. Hiyo ni 2 kipeo 5, unaandika 25. Hiyo ni 5 kipeo 2, unaandika 52, ambayo ni 2 kipeo 2 mara 13, unaandika 2213, tasa. Angalia kwamba 32 ilishuka ikawa 25. Kwenye kanuni hii namba inaweza kushuka, kwa hiyo mlango wa kujirudia uko wazi. Conway alidhani kwamba kila namba kuanzia 2 hatimaye hufika kwenye tasa, na akaahidi dola 1,000 kwa atakayethibitisha au kukanusha.

Mwaka 2017 James Davis alikanusha kwa namba moja: 13532385396179. Ni 13 × 53² × 3853 × 96179. Isome bega kwa bega: 13, 53, 2, 3853, 96179. Ni yenyewe. Inajirudia milele na haifiki popote.

Kinachovutia ni kwamba namba hii haipatikani kwa kupekua ovyo, ila hujengwa. Weka kando kigawo cha mwisho na ukiite p, chenye tarakimu tano. Vilivyobaki, 13 × 53² × 3853, vina zao la 140,700,001, na bega kwa bega vinasomeka 135323853. Unataka zao liwe sawa na maandishi, yaani 140,700,001 × p iwe 135,323,853 × 100,000 + p. Ondoa p moja kila upande, inabaki 140,700,000 × p kuwa sawa na 135,323,853 × 100,000. Sufuri tano zinafutana pande zote, na p inakuwa 135,323,853 ÷ 1,407, ambayo ni 96,179 kamili, bila baki, ina tarakimu tano, ni kubwa kuliko 3853, na ni tasa. Ufundi wote uko kwenye ile 140,700,001: ukipunguza 1, inaishia kwa sufuri tano.

Njia hiyo haiwezi kuisaidia 49. Kwenye kanuni ya tasa za nyumbani kila hatua inapanda, kwa hiyo hakuna namba isiyo tasa inayoweza kuwa sawa na maandishi ya vigawo vyake, na hakuna mlinganyo wa aina hii wa kutatua. Pale hakuna ujanja unaojulikana zaidi ya kuvunja namba iliyopo, kuandika vigawo vyake, na kuvunja inayofuata.